Mbuzi Kwenye Gunia: Historia ya Matrekta ya Karanga

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima, Kasulu na Kibondo

Kabla hatujaanza, naomba kila mmoja afungue daftari lake, aandike miaka minne, mmoja chini ya mwingine: 1916, 1924, 1947, 1951. Mwalimu, tafadhali iandike ubaoni kwa tarakimu kubwa. Miaka hiyo minne ndiyo nguzo za somo letu la leo.

Habari yetu ni habari ya kununua chombo kikuukuu pasipo kukikagua. Labda mtu atauliza, "Je, hiyo ni historia au ni biashara?" Ni vyote viwili. Leo tutaona jinsi serikali kubwa, yenye fedha nyingi na wataalamu wengi, ilivyopoteza mamilioni kwa sababu ya haraka. Kisha tutaona faida ya habari hiyo kwa mtu wa Kasulu au Kibondo anayetaka kununua gari.

Kwa nini tunazungumza habari hii

Watu wengi wa Kasulu na Kibondo ni wakulima. Wanalima mahindi, maharage, mihogo na kahawa, na wengine wanarina asali. Mazao hayafai kitu yakikaa ghalani tu. Lazima yafike sokoni. Kwa hiyo si ajabu kuona watu kumi wakikusanya akiba yao ili wanunue gari la mtumba. Wengine wanataka haisi ya kubebea abiria. Wengine wanataka gari refu lenye kitanda na jiko ndani, ili mwenye biashara atembeze bidhaa zake kutoka mnada hadi mnada bila kulipa nyumba za wageni. Haja hiyo ni njema.

Lakini gari lenyewe liko mbali. Liko Dar es Salaam, au liko ng'ambo huko Japani. Kinachoonekana Kasulu ni picha yake tu. Picha inang'aa, bei ni nafuu, na muuzaji anasema, "Leteni pesa upesi, wanunuzi wengine wanangoja."

Tunao msemo wetu kwa biashara ya namna hiyo. Tunasema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Anasikia sauti ya mbuzi, analipa, anabeba gunia mpaka nyumbani. Akilifungua, anakuta mbuzi ni mgonjwa au ana mguu mmoja uliovunjika. Naye muuzaji amekwisha kwenda zake.

Wafugaji wa Buha hawanunui ng'ombe hivyo. Mnunuzi humtembeza ng'ombe, hutazama meno yake, hushika mgongo, huuliza ametoka katika zizi la nani. Hakuna mfugaji mwenye akili atakayenunua ng'ombe kwa kuambiwa rangi yake tu. Hata mama anayenunua chungu hukigonga kwanza na kusikiliza sauti. Basi, kwa nini tuache desturi hiyo njema inapokuwa habari ya gari, ambalo bei yake ni sawa na bei ya ng'ombe wengi?

Chombo cha kwanza: meli iliyokaa chini ya maji

Tuanze na habari ya karibu, habari ya ziwa letu la Tanganyika. Tazameni mwaka wa kwanza mlioandika, 1916.

Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli kubwa ya chuma katika mji wa Papenburg, nchini Ujerumani. Waliiita Graf von Götzen, kwa jina la mmoja wa magavana wao wa zamani. Waliifungua vipande vipande, wakaitia katika maelfu ya masanduku, wakaisafirisha mpaka Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam ilipelekwa Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Huko ikaunganishwa tena, na mwaka 1915 ikashushwa majini.

Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza. Mwezi wa Julai, 1916, Wajerumani waliona kwamba Wabelgiji wanakaribia kuuteka mji wa Kigoma. Hawakutaka meli yao iangukie mikononi mwa adui. Wakaamua kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mto ule ule ambao maji yake hupita katika nchi ya Buha.

Sasa sikilizeni vizuri. Kabla ya kuizamisha, mafundi wa Kijerumani walizipaka injini zake grisi nzito. Walijua kwamba adui wa chuma ni kutu, na kwamba kutu haiwezi kula pale ambapo maji na hewa havigusi chuma. Walitumaini kwamba siku moja meli itainuliwa tena.

Wabelgiji waliijaribu kuiinua, nao wakafaulu, lakini baadaye ikazama tena. Mwaka 1924, ndio mwaka wetu wa pili, mabaharia wa Uingereza waliiinua tena. Hawakuipaka rangi tu na kuanza kupakia abiria. Waliifungua, wakaikagua, wakakuta kwamba injini na matangi yake ya mvuke bado yanafaa. Kazi ya kuitengeneza iliendelea mpaka mwaka 1927, ndipo meli ikarudi kazini kwa jina jipya la Liemba.

Meli hiyo wengi wenu mnaijua. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa injini za dizeli. Mwaka 2015, ikiwa imepita miaka 100 tangu iliposhushwa majini mara ya kwanza, ilibeba wakimbizi kutoka Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, mpaka Kigoma. Wengi wa wakimbizi hao walipelekwa kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu.

Basi, chombo kikuukuu si lazima kiwe kibaya. Chombo kilichokaa chini ya maji kwa miaka mingi kilipata kuwa chombo chema, kwa sababu waliokuwa nacho zamani walikitunza, na waliokichukua baadaye walikikagua kabla ya kukitegemea. Wekeni neno hilo moyoni, kwa maana sasa tutaona kinyume chake.

Chombo cha pili: matrekta ya Kongwa

Tazameni mwaka wa tatu, 1947.

Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Watu wa Uingereza walikuwa na shida ya mafuta ya kula. Siagi, majarini na sabuni vilikuwa haba, na vyakula viligawiwa kwa kipimo. Mwaka 1946 mkuu mmoja wa kampuni ya United Africa, bwana Frank Samuel, alitoa shauri kwa serikali ya Uingereza kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki, ili mafuta yapatikane kwa wingi. Kampuni hiyo ilikuwa mali ya kampuni kubwa ya Unilever, iliyotengeneza majarini na sabuni.

Serikali ilituma wajumbe watatu wakitazame nchi. Kiongozi wao alikuwa bwana John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa Idara ya Kilimo ya Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa wiki chache tu, na safari nyingi walizifanya kwa ndege. Mtu aliye angani huona kwamba nchi ni pana na ya kijani. Haoni ugumu wa udongo, wala haoni mizizi iliyo chini ya vichaka. Tunaweza kusema kwamba hata ardhi yenyewe ilichaguliwa kama gari linavyochaguliwa kwa picha.

Mpango uliotangazwa ulikuwa mkubwa sana. Eka 3,210,000 zilimwe, nyingi zake katika Tanganyika, na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Gharama ilikisiwa kuwa pauni milioni 24. Katika Tanganyika mahali patatu palichaguliwa: Kongwa katika nchi ya Wagogo, Nachingwea upande wa kusini, na Urambo katika nchi ya Tabora. Urambo mnaijua. Iko kwenye reli, na msafiri atokaye Kigoma kwenda Tabora hupita hapo.

Kazi ilianzia Kongwa mwanzoni mwa mwaka 1947. Shabaha ya mwaka huo ilikuwa kulima eka 150,000. Kwa kazi hiyo yalitakiwa matrekta na makatapila mengi sana. Lakini mashine mpya hazikupatikana upesi. Nchi nyingi zilikuwa zikijijenga upya baada ya vita, na viwanda vilikuwa na wateja wengi waliongoja zamu. Mwenye busara angesema, "Tungoje mashine mpya, au tuanze na shamba dogo tupate kujifunza." Lakini wakubwa walitaka karanga upesi. Haraka haraka haina baraka, ndugu zangu.

Basi wakatafuta mitumba. Jeshi la Marekani lilikuwa limeacha mashine nyingi katika visiwa vya Ufilipino vita vilipokwisha. Mashine hizo zilikuwa zimefanya kazi ngumu ya vita, na baada ya vita zilikuwa mahali penye joto na mvua nyingi. Huo ndio ulaji wa kutu. Mashine hizo zilinunuliwa, zikapakiwa melini, zikaletwa Dar es Salaam. Kwa watu waliokaa London, zilikuwa ni mistari katika karatasi: trekta kadha wa kadha, bei kadha wa kadha. Hakuna aliyezijaribu kwanza katika udongo wa Kongwa.

Zilipofika, matata yakaanza. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imejaa mizigo. Kutoka bandarini kwenda Kongwa ilikuwako njia moja tu ya reli. Ndiyo reli iendayo mpaka Kigoma, ambayo katika miaka ile ile iliwabeba vijana wengi wa Kasulu na Kibondo kwenda kufanya kazi ya umanamba katika mashamba ya mkonge, kwa mkataba wa ofisi ya SILABU iliyoanzishwa mwaka 1944. Mto Kinyasungwe ulipofurika uliiharibu njia hiyo, na mizigo ikakwama.

Mashine zilizofika Kongwa zilikutana na kazi ambayo hazikuandaliwa. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ilikuwa imeshikamana chini ya ardhi kama kamba za jamvi. Mibuyu ilikuwa mikubwa. Wakati wa kiangazi udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, tena ulikwangua vyuma. Trekta ambalo lilionekana zima bandarini lilivunjika baada ya muda mfupi wa kazi.

Trekta likivunjika, spea hakuna. Mashine zilikuwa za aina nyingi, na kifaa cha aina moja hakikuingia katika aina nyingine. Karakana nzuri haikuwa tayari, na mafundi walikuwa wachache. Madereva wengi walikuwa vijana waliofundishwa kwa haraka. Mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili za matrekta yaliyoletwa zilikuwa zimesimama, hazifanyi kazi. Maana yake ni kwamba katika kila matrekta matatu, mawili yalikuwa mabovu.

Mwaka huo eka zilizopandwa zilikuwa 7,500 tu. Hebu tufanye hesabu. Gawanyeni 150,000 kwa 7,500. Jibu ni 20. Kwa hiyo katika kila eka 20 zilizokusudiwa, ilipandwa eka moja.

Je, wakubwa walijifunza? Hawakujifunza upesi. Walitafuta tena njia ya mkato. Kiwanda cha Vickers cha Uingereza kilichukua vifaru vya vita aina ya Sherman, kikavigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Haya nayo hayakuleta nafuu iliyotarajiwa. Kifaru kilitengenezwa kwa kupiga vita, na shamba lina kazi yake nyingine.

Mwaka 1948 kazi ilitolewa mikononi mwa kampuni, ikapewa shirika la serikali ya Uingereza. Mambo hayakutengenea. Mashine ziliendelea kula fedha, na ukame nao ukaunguza karanga. Wagogo walikuwa wameujua ukame huo tangu enzi za mababu, lakini elimu yao haikuingizwa katika mpango.

Sasa tufike mwaka wetu wa nne, 1951. Mwezi wa Januari mwaka huo serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa wa karanga umekwisha. Hasara iliyofutwa katika vitabu ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36. Kumbukeni kwamba mpango wote, mpaka mwisho wake, ulikisiwa kugharimu pauni milioni 24. Hasara peke yake ilizidi makisio kwa pauni milioni 12, na watu wa Uingereza hawakupata mafuta waliyoahidiwa.

Baadaye sehemu ya nchi ya Kongwa ikawa malisho ya ng'ombe, na Urambo ikajulikana kwa tumbaku ya wakulima wadogo. Hata watu wa Buha walihamia huko kulima tumbaku. Kwa hiyo ardhi haikuwa na laana. Ilipopewa kazi iliyoiweza, kwa kipimo kilichowezekana, ilizaa.

Tulinganishe habari mbili

Ndugu wanafunzi, tuziweke habari hizi pamoja. Meli ya Liemba ilikuwa chuma cha zamani, na matrekta ya Kongwa yalikuwa chuma cha zamani. Mabaharia waliofanya kazi Kigoma mwaka 1924 walikuwa Waingereza, na wakubwa wa mpango wa mwaka 1947 walikuwa Waingereza. Basi hatuwezi kusema taifa moja lina akili na jingine halina. Tofauti ilikuwa katika mwendo wa kazi.

Liemba ilitunzwa kabla ya kuachwa. Mashine za Ufilipino zilitoka vitani. Liemba ilifunguliwa na kukaguliwa kabla ya kupewa abiria. Mashine za Kongwa zilipewa kazi ili ubovu wake uonekane kazini. Waliotengeneza Liemba walivumilia miaka mitatu. Wakubwa wa karanga walitaka mavuno ya mwaka wa kwanza.

Lipo pia jambo la nani anayelipa. Pauni milioni 36 zilikuwa fedha za serikali. Serikali ya Uingereza iliumia, lakini haikufa. Mtu wa Kibondo aliyetoa akiba ya miaka mitano hana hazina nyingine. Gari lake likilala, ada ya shule ya watoto imelala, na mbolea ya msimu ujao imelala. Kwa hiyo mtu mdogo ana haja ya kukagua kuliko hata serikali.

Kutu hujificha wapi?

Kutu ni chuma kilichogeuka kwa kukutana na hewa na maji. Chumvi huongeza mwendo wake. Katika sehemu za kaskazini za Japani theluji huanguka wakati wa baridi, na barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari. Mwili wa gari waweza kung'aa kama kioo, na huku chini chuma kimeliwa. Magari yaliyokaa karibu na bahari hupatwa na jambo hilo hilo.

Picha hupigwa ubavuni na mbele, mara chache hupigwa chini. Na kutu hukaa chini: katika chasisi, katika sakafu, katika kingo za milango, juu ya magurudumu, na pale springi zinaposhikwa. Mafundi wengine wasio waaminifu huziba matundu kwa pati, kisha hupaka rangi. Chukua sumaku ndogo uipitishe juu ya bati. Bati la chuma huvuta sumaku, pati haivuti. Chukua bisibisi ugonge chini polepole. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti butu, na mara nyingine bisibisi huingia ndani.

Barabara za nchi ya milima kama Kasulu na Kibondo humfunua mwongo upesi. Hata palipo na lami barabara kuu, gari la mazao hushuka vijijini, hupita matope ya masika na makorongo. Chasisi iliyoliwa na kutu hukatika huko, gari likiwa limejaa watu. Hapo hasara si ya fedha tu.

Serikali za Afrika ya Mashariki zimeona hatari ya magari ya zamani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya umri mkubwa. Shirika la Viwango Tanzania nalo lina utaratibu wa ukaguzi wa magari ya mitumba yanayoingia nchini. Hayo yote ni mema, lakini gari lililokwisha kuingia na kupita mikononi mwa watu watatu au wanne lina habari nyingine. Hapo macho yanayotakiwa ni yako wewe.

Hesabu ya darasa

Tufanye hesabu moja. Huu ni mfano wa kujifunzia, wala si bei za soko.

Watu kumi wa Kasulu wamechanga fedha. Wameona picha ya haisi iliyoko Dar es Salaam, bei yake shilingi 12,000,000. Wamelipa bila kuiona. Ilipofika, sakafu ilikuwa imeoza. Kuichomelea kukagharimu 1,500,000. Injini ilitaka spea za 2,500,000. Gari lilikaa gereji siku 40, na kila siku lingeweza kuleta 50,000. Hiyo ni 2,000,000 iliyopotea. Jumlisheni. Gari la 12,000,000 limekuwa gari la 18,000,000.

Watu kumi wengine waliona gari la 15,000,000. Walimtuma fundi wao kwenda Dar es Salaam pamoja na mjumbe mmoja. Nauli, chakula na ujira vilikuwa 400,000. Fundi alilikagua, akalikuta zima. Jumla yao ni 15,400,000. Toeni hiyo katika 18,000,000. Tofauti ni 2,600,000, yaani 260,000 kwa kila mwanachama. Lile lililoitwa rahisi ndilo lililokuwa ghali.

Mambo ya kushika

Kwanza, tuma macho kabla ya kutuma pesa. Kama huwezi kwenda mwenyewe, mpeleke fundi unayemwamini, ambaye hana fungu kwa muuzaji. Pili, fundi atazame chini ya gari, aliwashe likiwa baridi, aliendeshe. Tatu, namba ya chasisi na namba ya injini zilingane na zilizomo katika kadi ya gari, na Mamlaka ya Mapato iulizwe kama gari halina deni la kodi. Nne, ulizeni kama spea zake zinapatikana Kigoma, Kasulu au Kibondo. Gari zuri lisilo na spea ni trekta la Kongwa. Tano, msitumie fedha zote katika kununua. Wekeni akiba ya matengenezo. Sita, malipo yaandikwe, na risiti itunzwe na chama, si na mtu mmoja.

Ikiwa gari liko ng'ambo, ombeni picha za chini ya gari na cheti cha ukaguzi kabla ya malipo. Muuzaji akikataa kuonyesha upande mmoja, basi huo ndio upande wa kuuangalia.

Na gari mlilonalo tayari, lisafisheni matope upande wa chini, na kidonda kidogo cha kutu kikwanguliwe na kupakwa rangi mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wajerumani walipaka grisi meli waliyokuwa wanaiacha. Sisi je, tusitunze gari tunalolitumia?

Maneno ya leo

Kutu: uharibifu wa chuma kwa hewa na maji. Mtumba: kitu kilichotumiwa na mwingine kabla yako. Chasisi: fremu ya chuma inayobeba gari lote. Karakana: mahali pa mafundi. Makisio: hesabu ya gharama kabla ya kazi. Spea: kifaa cha kubadilishia kilichoharibika.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini mafundi wa Kijerumani walipaka injini grisi mwaka 1916?
2. Taja sababu tatu zilizofanya matrekta ya Kongwa yasimame mwaka 1947.
3. Wajumbe wa mwaka 1946 walisafiri sana kwa ndege. Ni mambo gani ya shamba ambayo mtu wa angani hawezi kuyaona?
4. Katika kijiji chenu, nani anaweza kutumwa kukagua gari? Mtamlipa nani, lini, na kwa fedha zipi?
5. Kila mwanafunzi aandike sentensi tano juu ya kitu alichonunua au alichoona mwenzake akinunua bila kukikagua.

Swali la nne lisipitwe upesi. Mwalimu, lipeni nafasi ya kutosha, hasa ikiwa darasani wamo watu wenye chama cha akiba na wanafikiri kununua gari mwaka huu. Jibu lake liandikwe katika daftari la chama kabla fedha hazijatoka.

Somo la leo limekwisha. Kwaherini, ndugu wanafunzi.